Mnanaha wa jaani na kichupa chenye kifuniko chekundu

Kichupa chenyewe hakizidi kidole gumba. Mililita 5, kifuniko chekundu, na maandishi madogo ambayo mtu wa umri wangu huyasoma kwa kunyoosha mkono. Tulikipata kliniki ya macho hapa mjini Unguja, mimi na binti yangu wa miaka saba, baada ya mwalimu wake kulalamika kuwa mtoto anasogeza daftari mpaka puani. Daktari alitaka kumpima miwani, lakini kwanza nimtie tone moja kila jicho, asubuhi na usiku, kwa siku tatu, halafu nimrejeshe. Akanionya kuwa vitu vya karibu hataviona vizuri na jua litamuumiza. "Usiogope," akasema.

Siku ya pili niliogopa. Ilikuwa baada ya alasiri, nipo uwani napara samaki, naye akatoka chumbani akainua uso kuniuliza kitu. Macho yake yalikuwa meusi matupu. Mboni zimetanuka mpaka ule ukahawia aliourithi kwa babake umebaki uzi mwembamba pembeni.

Macho hayo nilikwisha kuyaona. Yalikuwa ya mtoto wa ami yangu, Pemba, mwaka ambao karafuu zilizaa hata watu wazima wote wakahamia mashambani, na sisi watoto tukaachwa tuchungane wenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa, yeye sita. Mchezo wetu ulikuwa kupikapika. Kifuu cha nazi ndicho chungu, mchanga ndio wali, majani yoyote ndiyo mchicha. Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na jaa, na jaani umeota mnanaha, maana ndiko unakopenda: penye takataka, samadi na udongo uliochokorwa. Ua lake refu kama baragumu, jeupe lenye zambarau, linatazama juu na kufunguka jioni. Tunda ni duara lenye vinundu, likikauka hupasuka lenyewe, na ndani mna mbegu bapa zimejipanga. Ukizitazama utasema za pilipili. Mimi nilisema za pilipili. Nikazitia kifuuni pamoja na embe bichi ya kweli na chumvi ya kweli niliyoiiba jikoni, kwa sababu mpishi hodari hapiki mchanga mtupu, nikampakulia mgeni. Mgeni alikuwa yeye. Akala kwa adabu, akasema ahsante.

Haikupita saa. Kwanza alitaka maji, akanywa, akataka tena. Kisha akawa mwekundu, ngozi inawaka kama ya aliyelala juani, na hana hata tone la jasho. Akaanza kuzungumza na babu yetu aliyekwisha kufa. Halafu akawa anaokota sisimizi hewani, mmoja mmoja, kwa vidole viwili, anawaweka kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukifumba wasitoke. Mwanzo nilicheka.

Wanawake wa jirani walipofika hawakuhitaji kufikiri sana. Mtoto anayesema na maiti mchana kweupe, Pemba yetu ile, kapandwa. Mmoja akatumwa kumwita fundi, mwingine akaanza kusoma Yasin. Bibi alirudi shamba na kikapu chake cha karafuu kichwani, akakitua, akamshika mtoto kidevu, akamtia kidole mdomoni, akakizungusha ndani ya shavu. Akakitoa akakitazama. Kikavu.

"Pepo hakaushi mate," akasema.

Kisha akanigeukia. "Mmekula nini?"

"Hatujala kitu, bibi."

"Sikukuuliza wewe umekula nini. Nakuuliza umempa nini mwenzio."

Nikaleta kifuu. Alichambua embe kwa ukucha, akaiona mbegu moja, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga na kushika njia ya barabarani, mtoto anamrushia mateke. Gari iliyobeba karafuu ikawachukua mpaka spitali ya Wete. Walilala siku mbili. Aliporudi alikuwa mzima, anacheka, ila kwa karibu wiki nzima alitembea na kiganja juu ya nyusi kama nahodha, jua linamchoma. Bibi hakunipiga. Kipigo hicho nilikingoja miaka.

Sasa, mimi nasomesha baiolojia sekondari. Miaka kumi na mbili nimechora ubaoni mishipa ya fahamu kwa chaki za rangi, na siku zote hizo sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili mpaka nilipokisogeza kile kichupa kwenye mwanga na kusoma: atropini, asilimia 1. Mbegu za mnanaha zina vitu vitatu vya ukoo mmoja: hayosiamini, skopolamini, na hiyo atropini, ambayo ni hayosiamini ileile iliyogeuka kidogo umbo wakati wa kukamuliwa. Kwa maneno mengine, kile nilichompakulia mtoto wa ami kwa kifuu ndicho nilichokuwa nikimtia binti yangu kwa tone. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto mjinga. Mara ya pili nilikuwa mama mtiifu mwenye karatasi ya daktari.

Kitu kinachofanyika ndani ya mwili si cha ajabu ukikiangalia taratibu. Mishipa ya fahamu haigusani moja kwa moja na misuli wala tezi, hutuma mjumbe. Mmoja wa wajumbe hao anaitwa asetilikolini. Anatoka mwisho wa mshipa, anavuka upenyo mdogo, anafika upande wa pili na kuketi kwenye kiti chake. Akishaketi tu, mate yanatoka, jasho linatoka, mboni inajibana, tumbo linasokota chakula, moyo unapunguza mwendo. Atropini haimfukuzi mjumbe huyu, wala haimuui. Inawahi kiti. Mjumbe anafika barazani anakuta mtu amekaa, mtu asiyesema wala asiyefanya lolote, amekaa tu. Basi mate hayatoki. Jasho halitoki, na mwili usiotoa jasho katika joto la Pemba unachemka. Mboni inabaki wazi. Mkojo unagoma. Moyo unakwenda mbio kwa kukosa wa kuuzuia. Na kwa kuwa ubongo nao una viti hivyohivyo, sumu ikifika huko kwa wingi, mtu anaokota sisimizi.

Jichoni tone hilo linafanya kazi moja zaidi ambayo daktari ndiyo aliyoitaka: linalegeza msuli unaobadilisha umbo la lenzi. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza na kuuficha upungufu wake. Likilegezwa haliwezi kusema uongo. Athari yake yaweza kubaki wiki moja hata mbili, ndiyo maana binti yangu alikwenda skuli na miwani ya jua ya shangazi yake, akawa ndiye malkia wa darasa.

Ulaya wana mmea wao, haupo kwetu, unaozaa matunda meusi yanayong'aa. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliuita *Atropa belladonna*. Neno la pili ni la Kitaliano, maana yake mwanamke mzuri, kwa sababu wanawake walikuwa wakijitia maji yake machoni mboni zitanuke wapendeze. Nikifikiria wanja wetu wa manga nawaelewa, ingawa anayejipaka wanja angalau anaona anakokwenda. Neno la kwanza limetoka kwa Atropos, yule wa ngano za Wayunani ambaye kazi yake ni kukata uzi wa uhai. Jina moja, uzuri na mauti ndani yake.

Kuna kisa cha huko ninachowapa wanafunzi kila mwaka. Mwaka 1819, Jena, Ujerumani, kijana mkemia Friedlieb Ferdinand Runge alikwenda kwa Goethe, mshairi mkubwa aliyependa pia mambo ya sayansi, amebeba paka kwapani. Alikuwa amemtia paka maji ya mmea huo katika jicho moja. Goethe akatazama: jicho moja mboni imejibana kama uzi kwa sababu ya mwanga, la pili mboni wazi yote. Alifurahi hata akampa kijana yule kahawa, buni mbichi, akamwambia akazichunguze na hizo. Runge akaenda akaitoa kafeini. Kwa hiyo ile inayotuweka macho barazani mpaka saa tano za usiku tunapigana kwa siasa na mpira iligunduliwa kwa ajili ya jicho la paka. Atropini yenyewe ilikuja kupatikana safi miaka ya mwanzo ya 1830.

Nirudi nyumbani. Siku ile ya macho meusi tulikuwa na mgeni, shangazi yangu kutoka Pemba. Shangazi ni mtu wa heshima zake, sibishani naye kwa sauti. Alikitazama kichupa kwa mbali kama anayetazama jongoo.

"Mwanangu, kemikali hizo. Jicho la mtoto unalitia kemikali?"

"Shangazi, ni dawa ya daktari."

"Na sisi tulikuwa na dawa. Za Mungu, hazina kemikali. Mambo ya asili hayana madhara."

Nilitamani kumwambia kuwa hicho anachokikimbia ni mnanaha uliooshwa uso. Nilimwambia, lakini baada ya chakula, kwa upole. Hakuamini. Baadaye alilalamika tumbo linamsokota, akafungua mkoba na kutoa tembe zake za Buscopan, akameza mbili. Hizo nazo! Kilichomo mle kimetengenezwa kutokana na hayosini, ambayo ndiyo skopolamini kwa jina la pili, na sehemu kubwa ya malighafi yake hutoka kwenye mti wa Duboisia unaolimwa Australia, ndugu wa mnanaha na ndugu wa tungule, yaani nyanya. Waaustralia walianza kuuvuna kwa wingi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wapate skopolamini ya kuzuia kichefuchefu cha baharini. Mpaka leo kuna plasta yake ya kubandika nyuma ya sikio. Kila nikivuka kwenda Pemba na boti ikaingia mkondo wa Nungwi, watu wanagawiana mifuko ya plastiki huku wanamtaja Mungu, huikumbuka.

Hili la "asili haina madhara" ndilo linalonikera, na si la shangazi peke yake. Linapita kwenye simu kila siku na sauti ya mtu mwenye uhakika. Alkaloidi, kama hiyo atropini, ni kemikali ya mmea, yenye naitrojeni ndani yake, mara nyingi chungu, na mmea haukuitengeneza ili kututibu. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mkono wa kumpiga mbuzi. Una ladha na una sumu. Sisi ndio tuliokuja baadaye tukakuta kwamba sumu hiyo, ikipunguzwa mpaka inapotosha, inafanya jambo tunalolihitaji.

Ikipunguzwa kiasi gani? Hapo ndipo pana kazi yote. Kichupa cha binti yangu, ukikokotoa, kina miligramu 50 za atropini. Tone moja ni kama nusu miligramu. Nilipopiga hesabu hiyo niliinuka usiku nikakitoa kwenye meza nikakiweka juu ya kabati, kwa sababu mtoto akikinywa chote ni hatari ya kifo. Lakini angalau nimeweza kuipiga hesabu. Mnanaha wa jaani hauna maandishi ubavuni. Mche huu una nyingi, ule una kidogo. Mbegu si sawa na jani, jani changa si sawa na jani la zamani, wa kiangazi si sawa na wa masika. Mganga anayesema "majani matatu" amekupa hesabu ya majani, hajakupa hesabu ya kilichomo. Bibi aliyajua majani hayo sana, na kwa sababu hiyohiyo hakuyatumia kwa kunywesha mtu. Alikuwa akiyapasha moto kidogo na kuyalaza juu ya jipu au goti lililovimba, anafunga kitambaa, basi. Anayeujua mmea vizuri ndiye anayeuogopa.

Pumu ni mfano mwingine. Watu wamevuta moshi wa majani ya mnanaha kwa ajili ya pumu tangu zamani. Wahindi walifanya hivyo, Waingereza wakajifunza kwao na kuleta desturi hiyo kwao mwanzoni mwa karne ya 19, na ikafika wakati zikauzwa sigara kabisa za wagonjwa wa pumu. Zilifanya kazi, sitaki kusema uongo. Kiti kikishawahiwa, misuli ya njia za hewa nayo hulegea. Ila pamoja na hewa mgonjwa alipata moshi mapafuni, na kiasi asichokijua. Siku hizi wataalamu wameichukua atropini wakaibadilisha kidogo, ikawa ipratropiamu, inayobaki zaidi mapafuni inakohitajika na haivuki kirahisi kuingia ubongoni. Mgonjwa anavuta kwa bomba lenye kipimo, wala haoni sisimizi.

Mtu akiniambia hizo ni hadithi za watoto wanaokula ovyo, humtajia Karamoja. Mwaka 2019 huko kaskazini mashariki mwa Uganda watu walikula uji wa msaada wa chakula, unga uliorutubishwa, na takriban 300 wakaugua, watano walikufa. Mbegu za mnanaha zilikuwa zimeingia katika mazao kabla ya kusagwa. Na karibu zaidi, Usangi, mkoa wa Kilimanjaro, mlipuko wa sumu ya chakula wa namna hiyo ulifika spitali na kuandikwa na madaktari mwaka 1991. Hakuna aliyecheza kupikapika pale. Magugu yamevunwa pamoja na chakula, mbegu zikasagwa humo, na unga ukishakuwa unga hauna sura. Wanaolima mtama na kunde watanielewa: palizi si kwa ajili ya mavuno tu.

Ukoo huu umetuzunguka, tunaula mchana na jioni. Tungule, ambazo wenzetu wa bara huziita nyanya, neno ambalo ukilitamka Mombasa huenda akageuka bibi ya mtu. Mbatata. Bilingani. Pilipili, ya mbuzi na ya boga. Nyanya chungu. Mnavu, ambao bibi aliupika kwa tui zito ili uchungu wake ustahimilike. Mtunguja wa kando ya njia, wenye vitunda vya manjano, ambao mizizi yake huchemshwa kwa ajili ya tumbo. Na tumbaku.

Mbatata nazo zina lao. Zile zilizokaa dukani karibu na mlango zikapigwa na mwanga, zikaota macho na kuwa kijani, watu huzinunua kwa bei ya chini kuzitia kwenye urojo. Ule ukijani si sumu, ni rangi ya majani tu. Lakini mwanga ulioleta rangi ndio huohuo unaoamsha sumu yenyewe, solanini na mwenzake chakonini, khasa kwenye ganda na kwenye macho yanayochipua. Kuchemsha hakuziondoi. Kumenya kwa kina na kukata macho hupunguza, na ikiwa mbatata ni chungu mdomoni, itupe, usiitetee kwa ndimu na pilipili. London, mwaka 1979, madaktari waliandika habari za wanafunzi 78 wa skuli moja ya wavulana waliougua baada ya kula mbatata zilizobaki ghalani tangu muhula uliopita. Kumi na saba walilazwa. Wote walipona. Marekani walikuwa na mbegu ya mbatata iliyoitwa Lenape, nzuri mno kwa kukaangwa, wakaitoa sokoni mwaka 1970 kwa sababu solanini yake ilikuwa imepindukia. Ilizaliwa na wataalamu katika shamba la utafiti, kwa kuchanganya mbatata na mbatata. Asili kwa asili.

Tambuu ndiyo iliyonifurahisha zaidi nilipokuwa nikisoma haya, nami si mlaji, mama ndiye. Tambuu ya kwetu ni jani, popoo, chokaa na kwa wengine tumbaku. Nikotini ya tumbaku peke yake hupenya shavu kwa uzito. Chokaa ikiingia hupunguza ukali wa asidi, na nikotini iliyoachiwa namna hiyo hupita upesi kwenda damuni. Waliobuni mchanganyiko huu hawakuwa na maabara. Halafu popoo: haimo katika ukoo wa tungule, imo katika ukoo wa mnazi, lakini alkaloidi yake arekolini inakwenda kuketi kwenye viti vilevile ambavyo atropini inavikalia kwa kuvizuia. Tofauti ni kwamba arekolini ikiketi inafanya kazi ya mjumbe. Ndiyo maana mla tambuu mate yanamjaa mpaka anatafuta pa kutema, na mla mnanaha ulimi unamgandia kaakaani. Kidole cha bibi kingetofautisha. Simhimizi mtu, Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeiweka tambuu, yenye tumbaku na isiyo nayo, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mama anajua nimemwambia.

Mtoto wa ami siku hizi ni mkulima wa tungule. Ana nusu eka kule kwetu, ana pampu ya mgongoni, ana watoto wanne. Mwaka jana alinisimulia habari ya kibarua wa jirani yake aliyekwenda kunyunyizia dawa bila kujifunga uso, upepo ukamrejeshea. Wakamkuta ameketi chini ya mwembe, povu linamtoka, jasho linamchirizika, kifua kinakoroma kama maji ya buli, amejikojolea, na mboni zake, alivyosema mwenyewe, "zimekuwa kama tundu la sindano." Spitalini walimdunga, wakangoja dakika chache, wakamdunga zaidi, wakamsikiliza kifua, wakamdunga tena.

Nikamuuliza walimdunga nini. Hakujua. Mimi najua, kwa sababu kwa sumu ya dawa zile za wadudu za kundi la ogano-fosfeti hakuna kwingine pa kuanzia. Dawa zile humzuia anayemwondoa mjumbe kitini, wajumbe wakajazana, kila tezi ikafunguka, na mgonjwa anazama kwa maji ya kifua chake mwenyewe. Tiba ni kuwatangulia wajumbe kwenye viti. Daktari huanza na miligramu 1 hadi 3 za atropini kwa mtu mzima, na kama kifua hakijakauka katika dakika tano huongeza mara mbili, na mara mbili tena. Yule kibarua huenda alitiwa atropini ambayo ingemuua mtu mzima wa afya, na ndiyo iliyomrudisha kwa mkewe.

Angalia na lugha yetu inavyosema. Tunasema dawa ya kikohozi, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya tungule. Wageni huona tumechanganya, kwamba tungepaswa kuiita nyingine sumu. Sidhani tumechanganya. Kibarua yule aliangushwa na dawa akainuliwa na dawa, ile ya kwanza ikinyunyiziwa mti wa tungule, ile ya pili ikitoka kwa ndugu yake tungule anayeota jaani.

Juzi nilimpigia simu mtoto wa ami kumweleza habari za kichupa. Nilianza mbali, salamu, watoto, mvua, hali ya mama yake. Kisha nikamwambia kuwa ninachomtia binti yangu ni kilekile cha kifuu. Akanyamaza kidogo.

"Na yeye anawaona wale sisimizi?"

"Hawaoni."

"Mimi nawakumbuka mpaka leo. Walikuwa wekundu, wazuri." Akacheka. "Embe ilikuwa na chumvi nyingi, lakini."

Nikamwambia anisamehe. Akasema nisimtie wazimu mara ya pili, kisha akaniuliza tungule Darajani siku hizi wanauza ndoo kwa bei gani.